Chui Aliyezikwa na Watani Wake

— Paukwa!
— Pakawa!
— Niwape ya kweli au ya uongo?
— Tupe ya uongo, ya kweli tunayo nyumbani!
— Basi kaeni vizuri. Palikuwa na jiwe.

Palikuwa na jiwe kubwa, na katika nyufa zake waliishi pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia wa kujivunia, na nyama yake, wasemao husema, ni laini. Hao wasemao ni akina Chui. Mwezi uliotangulia Chui alikuwa amemla shangazi wa pimbi mmoja aitwaye Sikudhani. Na Sikudhani, mama mdogo kwa umbo kuliko mama wote wa pale jiweni, alikuwa na watoto wanne ambao bado hawajajua kukimbia.

Asubuhi moja Chui akaja na miwani, daftari na kalamu.

"Hodi wenyeji! Nyama nimeacha. Siku hizi nasomea jamii. Nataka kujua mila na desturi zenu: mnalala wapi, mnaamka saa ngapi, watoto wenu huota jua upande gani."

Mzee Kikoti, mwenyekiti wa jiwe, akadai kibali. Chui akatoa karatasi. Mzee akaigeuza juu chini, chini juu.

"Ina mhuri," akasema.

"Baba mkubwa," Sikudhani akanong'ona, "huo mhuri ni unyayo wake."

"Uwe unyayo, usiwe unyayo, mhuri ni mhuri. Karibu, mgeni. Huyu Sikudhani atakujibu maswali yako."

Basi Chui akauliza, Sikudhani akajibu, kalamu ikaenda krwa-krwa-krwa.

"Mnalala wapi?"

"Tunahama kila siku, bwana mkubwa. Leo kaskazini, kesho kusini."

Krwa-krwa-krwa.

"Mlinzi wenu husinzia saa ngapi?"

"Hasinzii. Huota ndoto akiwa macho."

Krwa-krwa-krwa. Tumbo la Chui likalia, ngruuu.

"Nini hicho?" Sikudhani akauliza.

"Natafakari," akasema Chui.

Siku ya tatu Chui akachoka kutafakari. "Kumjua mtu ni kuishi naye," akasema. "Kuanzia leo nalala mlangoni kwako, niwaone watoto wakitoka."

Watoto wa Sikudhani walikuwa hawajaonja jani tangu juzi. Wakitoka, wataliwa. Wasipotoka, watakufa njaa.

"Vyema," akasema. "Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukitaka kuishi nasi lazima uwe wa kwetu. Tukufanye mtani."

Chui akasimamisha masikio. Utani! Kwa anayesomea jamii, hilo ni sawa na mfupa wenye uboho.

"Mtani hufanya nini?"

"Mtani hutukanwa asinune. Na kwenye msiba, mtani hutangulia kuingia kaburini. Analala humo, anagoma kutoka mpaka tumsogelee tumpe chake."

"Chake ni kipi?"

"Chochote atakacho."

Krwa-krwa-krwa.

"Na msibani huja nani?"

"Wote. Shangazi wanene, watoto wachanga, wote. Habaki mtu ndani."

Krwa-krwa... ta! Kalamu ikavunjika.

"Na... mna msiba lini?" Chui akauliza, akijifuta udenda kwa daftari.

"Mzee Kikoti hali yake si nzuri. Nadhani Alhamisi."

Sikudhani akaenda mbio kwa Mzee.

"Baba mkubwa, Alhamisi unakufa."

"Nife mimi? Kwa kibali cha nani?"

"Kibali si unacho? Kina mhuri."

Mzee akamkumbuka shangazi aliyeliwa. Akajilaza.

Alhamisi pimbi wakalia kwi-kwi-kwi. Kaburi lilikuwa ufa mrefu, na juu yake jiwe lililozuiwa na kokoto moja tu. Pimbi wote walikuwa wamekaa huko juu. Chui akawahesabu: arobaini na mmoja. Akasema moyoni, wakinisogelea kunipa changu, naanza na wachanga.

"Ingia, mtani, mwenye madoa kama aliyerushiwa tope!"

"Ingia, miwani miwili, akili nusu!"

Chui akacheka, kwa sababu mtani hanuni. Akajibana, akaingia, akalala.

"Fumba macho," akasema Sikudhani. "Mtani hawatazami wafiwa."

Akafumba. Sikudhani akavuta kokoto.

Gulu, gulu, gulu, PUU!

"Jamani!" sauti ikatoka chini. "Acheni utani!"

"Unanuna, mtani? Tazama daftari lako, ukurasa wa kumi na mbili. Mwandiko ni wako."

"Nipeni changu! Nataka kutoka!"

"Hilo muombe mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa anatafuna majani. "Mimi ni marehemu," akasema. "Sina mamlaka."

Siku ya saba Chui alikuwa amekonda kama ukanda. Akapenya mwanya wa nyuma, akajikokota mpaka kwa chui wenzake, hata panzi hawezi kumkimbiza.

"Nyama iko wapi?" wakamuuliza.

Angesema nini? Kwamba amezikwa na mama mwenye urefu wa kiatu? Akapanda juu ya kichuguu, akakohoa.

"Wenzangu, mimi nimeishi nao mpaka nikazikwa nao. Hakuna mtafiti aliyewahi kufika hapo. Nimegundua kwamba pimbi wa jiwe lile ni watani wetu, na mtani haliwi."

Wakapiga makofi, pa-pa-pa! Wakamvika joho. Chui mmoja kijana akainua mkono: "Je, hayo ulimuuliza na pimbi wa pili?" Akaambiwa akae chini, asivuruge sherehe.

Tangu siku hiyo hakuna chui aliyekanyaga jiwe lile.

Funzo? Funzo ni hili: mgeni akikuuliza, mjibu kweli tupu, maana elimu haijengwi kwa uongo. Watoto wanne wa Sikudhani wamelikariri funzo hilo. Hulisema kwa pamoja kila asubuhi, wakiota jua, midomo imejaa majani.

Ngano yangu nimeiegesha hapa. Aliyesikia aichukue. Aliyesinzia amuulize jirani. Mmoja tu anatosha.