Kapu la Kumpelekea Mama Mkwe

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kutafuna, aliishi Bi Kware, fundi wa kusuka makapu na mikeka. Asubuhi moja alikuwa barazani akiwafundisha mabinti zake watatu.

"Ukindu ukishakatwa?" aliuliza.

"Unaanikwa siku tano!"

"Ukisukwa mbichi je?"

"Unasinyaa, kazi inaachia matundu!" alijibu Zamda, kitinda mimba, kwa mbwembwe.

Mara, pu! pu! pu! Bwana Fisi huyo! Begani ana mzigo wa makuti ya mkindu, mate yanamdondoka.

"Shikamoo, Bwana Fisi," alisema Bi Kware.

"Marahaba. Kesho kutwa nakwenda kumwona mama mkwe, na siendi mikono mitupu. Nakupeleka wewe na wanao, tena wazima, nyama isije ikavunda njiani. Nisukieni kapu la kuwabebea! Nikiona tundu la kupenya ukucha, nawala hapa hapa!"

Loh! Jeuri gani hiyo, mtu kusukishwa jela yake mwenyewe!

Bi Kware aliyatazama yale makuti. Mabichi kabisa, yamekatwa asubuhi ile ile! Furaha ikamjaa, akainamisha uso isionekane.

"Tutasuka, bwana wangu. Tena kwa ukindu wako huu huu."

"Lakini mama," Zamda alidakia, "si umesema sasa hivi kwamba..."

Mama akamfinya. "Nimesema tusimcheleweshe mgeni!"

Wakachana, wakasuka, wakashona siku mbili, Fisi akiwalinda wasiruke. Fisi akapitisha ukucha kila mahali, hakupata pa kupenya.

"Kapu safi! Ingieni!" Akafunga kifuniko kwa kamba ya mkonge, akajitwika, huyoo!

Siku ya kwanza ya safari jua liliwaka, kapu likakaza vile vile. Siku ya pili ukindu ukaanza kulia, kacha, kacha, na mwanga ukapenya ndani.

"Mama, tunapita!" Zamda alinong'ona.

Bi Kware alijaribu. Kichwa kikapita, kifua kikakwama. Hapo hofu ikamshika kwelikweli.

"Nendeni, wanangu."

"Hatuendi bila wewe!"

Na huku wamekwisha fika! Moto unawaka, chungu kinatokota, mama mkwe yuko mlangoni na mwiko mkononi.

"Karibu, mkwe wangu. Umeniletea nini?"

"Kware wanne, wanono!" Fisi akalitua kapu kando ya moto kwa majidai.

Joto likalipiga lile kapu. Kacha! Kacha! Kachakacha! Matundu yakatanuka.

"Sasa!" alipiga kelele Bi Kware.

Purrr! Purrr! Purrr! Mabinti hao, juu! Bi Kware akajisukuma, akajipenyeza, manyoya mawili yakang'oka, purrrr! Naye huyo!

Mama mkwe akachungulia kapuni. Akayaona manyoya mawili.

"Hiki ndicho chakula changu?"

"Mama, kapu lilikuwa zima! Nililipima mwenyewe kwa ukucha!"

"Bwana Fisi!" Zamda aliita kutoka juu ya paa. "Ukindu unaanikwa siku tano!"

Fisi alitaka kujibu, lakini mwiko ulikuwa umekwisha mfikia mgongoni. Alitimua mbio, na kapu lake likarushwa nyuma yake.

Basi wanangu, anayewashurutisha wenzake kwa kazi asiyoijua, mwisho wake hubeba matundu.