Neno Lililorukwa

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la pili. Walimu mliokaa mabenchi ya nyuma humu kanisani, msiinamishe vichwa mapema, zamu yenu haijafika.

Mama huyu alikuwa na watoto tisini na wanne darasani, na kazi yake aliijua. Mtoto akikwama kwenye neno, alikaa naye palepale. Walilivunja silabi kwa silabi kwa punje za mahindi juu ya dawati, kisha akamuuliza, "Haya, na maana yake nini?" Alifundisha hivyo miaka kumi na mmoja, na watoto wake ndio waliosomea kijiji kizima barua.

Kisha ukaja waraka kutoka wizarani. Kila mtoto wa darasa la pili asome maneno sitini kwa dakika moja. Mkaguzi atakuja na saa. Shule itakayofaulu itapewa cheti, na mwalimu atakayeshindwa ajieleze kwa maandishi. Kama mtoto ameelewa alichosoma au hakuelewa, waraka haukuuliza.

Mnadhani mwalimu alifanya nini? Wewe, Mzee Mwalyego, ungefanya nini? Alizikusanya zile punje akawamwagia kuku. Akawaambia watoto, "Kuanzia leo, ukikwama kwenye neno, ruka. Saa haimsubiri mtu."

Wakajifunza kuruka. Siku ya mkaguzi, binti mmoja mdogo alisoma maneno sabini na mawili bila kumeza mate. Mkaguzi akaminya saa yake, akaandika, asiulize hata swali moja. Wazazi waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga vigelegele, na cheti kikapatikana.

Mwezi uliofuata mwalimu akaitwa mjini kwenye semina, akawafundishe wenzake siri ya mafanikio. Nyumbani mtoto wake mchanga alikuwa na homa. Dawa zilikuwa mbili, na asubuhi hiyo mganga wa zahanati alikuwa ameikataza ile ya kahawia, maana ilimvimbisha mtoto uso. Bibi wa mtoto, ambaye hajui kusoma, alikuwa bado njiani anakuja kumlea mjukuu, na basi lilikwisha kupiga honi. Mwalimu akamwachia jirani mtoto, dawa, na karatasi ya kumpa bibi. Aliandika: "Mpe dawa nyeupe kijiko kimoja jioni. Ya kahawia usimnyweshe mpaka nirudi."

Bibi alipofika akamwita yule binti, bingwa wa kusoma. "Hebu nisomee, mjukuu wangu. Kasemaje?"

Binti akasoma mbio, kama alivyofundishwa: "Mpe dawa nyeupe kijiko kimoja jioni. Ya kahawia mpaka nirudi."

"Ahaa. Kwa hiyo ya kahawia aendelee nayo mpaka mama yake arudi?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi akamshukuru, akampa ndizi.

Siku ya tatu mwalimu akapigiwa simu: mtoto amezidiwa, njoo. Mnajua wenyewe tunavyosema tukificha. Alipofika alikuta viatu vingi mlangoni na wanawake wamekaa chini kwenye mikeka.

Baada ya mazishi akamwita yule binti, akampa ile karatasi. "Uliisomaje?"

Binti akaisoma tena, vilevile, kwa kasi ileile. Mwalimu akaweka kidole juu ya neno moja. "Na hili je?"

"Hilo nilikwama, mwalimu. Nikaruka."

Wapendwa, nani alimuua yule mtoto? Msiniambie binti, yeye alitii. Msiniambie bibi, yeye aliuliza. Mtasema aliyeandika waraka, nami sikatai. Mtu anayempimia mtoto kusoma kwa saa, kama anavyopimwa mkimbiaji, ana swali la kujibu mbele za Mungu. Lakini waraka ule ulibandikwa ofisini muda mrefu kabla ya msiba. Nani aliwahi kwenda kuusoma? Kwenye kikao cha shule nani alisimama akasema, "Mwalimu, rudisha mahindi yako"? Hakuna. Tulikuwa dirishani tunapiga vigelegele.

Naam, tulikuwa. Nasema sisi kwa sababu nami nilikuwepo dirishani, na sauti yangu mnaijua. Binti yule tulimfundisha wote. Mkubwa akileta neno gumu, sisi hatukai nalo. Tunaruka, tunaitikia, tunakwenda zetu nyumbani. Inaniuma, na ninyi iwaume.

Nimesikia Alhamisi mkaguzi anakuja tena kwenye shule yetu. Nimesikia pia wazazi mmeombwa mje na ngoma. Leo jioni mkalishe mtoto wako, mpe ukurasa wowote asome. Akiruka neno, mshike mkono, mrudishe. Kaeni hapo, hata kama ugali utapoa.

Halafu Alhamisi asubuhi, atakayekwenda na ngoma apite kwanza hapa kanisani, anieleze anakwenda kumpigia nani.