Tundu Lililoitwa Barazani

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na jumba kubwa la mawe lililojengwa na watu arubaini wasiokuwa na viwanja. Huyu alileta mawe, yule boriti, mwingine akachoma chokaa, na Mungu akabariki, jumba likasimama, kila mtu akapata chumba chake. Wakachagua wazee watano wa kulisimamia, na ili asiwepo wa kujiona bwana wa wenziwe, wakapatana kwamba wazee hao wataketi juu ya mkeka mmoja, na neno lisilosemwa juu ya mkeka huo si neno la baraza. Mkeka wenyewe ulisukwa kwa ukindu na Bi Mwanatumu, mke wa Sumaili, nao uliwatosha wazee watano na mgeni mmoja.

Miaka ikapita, na wale watano wakawa mmoja. Mwinyi Shekuwe ndiye aliyesema, na wanne waliobaki kazi yao ikawa kuitikia. Kila mwaka kabla ya masika Sultani alituma chokaa ya kutengeneza paa la jumba, na kila mwaka Mwinyi Shekuwe aliipokea kwa dua ndefu. Paa likazidi kuvuja, na nyumba mpya ya Mwinyi Shekuwe, kule karibu na soko, ikazidi kuwa nyeupe.

Sumaili alikuwa maskini, kazi yake kujaza maji birika la msikiti. Watu walimwita mpumbavu, kwa kuwa akiulizwa habari hakusema "njema" kama watu wote, bali alizitoa habari zenyewe, polepole, moja baada ya moja, hata muulizaji akajuta.

Mwaka huo mkewe aliugua kifua wakati wa mvua. Sumaili alikihamisha kitanda kutoka pembe hii hadi pembe ile, na matone yakawafuata. Mara ya nne Bi Mwanatumu akamwambia, "Niache hapa, mume wangu. Nimeyazoea. Yana mwendo kama mtu anayevuta tasbihi." Baada ya siku tatu akafariki. Sumaili akamzika, akamshukuru Mola kwa alichompa na kwa alichokitwaa. Arubaini ilipokwisha akaenda barazani, kwa kuwa msahafu wa marehemu ulikuwa umeanza kulowa, naye hakuwa na pengine pa kuuweka.

"Wazee wangu," akasema, "paa la chumba changu lina tundu."

"Halina," akasema Mwinyi Shekuwe. "Tumelitengeneza. Sultani ameandikiwa kwamba limetengenezwa, na Ijumaa anakuja mwenyewe kunivika joho la shukrani. Sasa mwongo nani, wewe au waraka?"

"Waraka haukulala chini ya tundu, Mwinyi. Mimi nimelala."

Mwinyi Shekuwe akatabasamu. "Haya. Baraza hili haliamui kwa maneno ya kusikia. Mtu akivunjiwa mtungi, hutuletea vigae hapa. Nawe tuletee hilo tundu, uliweke juu ya mkeka huu, tulione kwa macho. Ukishindwa hata Ijumaa baada ya sala, umetusingizia, na chumba utakitoka. Mpwa wangu anataka kuoa."

Watu waliokuwapo wakacheka. "Chukua kikapu, Sumaili," mmoja akasema, "lisije likakudondoka njiani!"

Sumaili hakucheka. Akauliza, "Mwataka tundu na mkeka vikutane siku ya Ijumaa?"

"Vikutane."

"Nanyi mmeketi?"

"Nasi tumeketi! Mashahidi hawa hapa. Haya, nenda zako."

Basi ilikuwa desturi ya jumba kwamba kila Alhamisi mkeka wa baraza huoshwa, kila chumba kwa zamu yake. Alhamisi ile zamu ilikuwa ya Bi Mize, jirani. Sumaili akamwendea, akaomba yeye amwoshee.

"Tangu afe mwenyewe hujaugusa mkeka huu," Bi Mize akasema.

"Leo nitaugusa."

"Basi chukua, lakini usiusugue kwa mchanga. Marehemu hakupenda."

Sumaili akauosha taratibu, akauanika ukumbini, na ulipokauka akautandika chumbani mwake. Akaupima kwa jicho, kisha akauvuta kidogo upande wa kibla.

Ikawa Ijumaa, na mvua ikanyesha. Sultani akafika baada ya sala, na watu wake wamelibeba joho. Ukumbini hapakuwa na mkeka. Mwinyi Shekuwe akaagiza zulia litandikwe upesi, lakini Bi Mize akapaza sauti kutoka nyuma ya watu, "Mwinyi, neno la zuliani si neno la baraza! Na joho la zuliani je?"

"Mkeka u wapi?" akauliza Sultani.

"Uko chumbani kwangu, Maulana," akasema Sumaili. "Umetangulia kukutana na tundu."

"Tundu gani?"

Hapo Sumaili akaulizwa habari, naye akazitoa zenyewe, polepole, moja baada ya moja. Sultani, ambaye kwa miaka mingi aliambiwa "njema" tu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Twende."

Wakaingia. Sultani akaketishwa ukingoni, pakavu. Mwinyi Shekuwe akaketi katikati, mahali alipojichagulia mwenyewe miaka mingi nyuma, na mara tone la kwanza likamwangukia kilembani.

"Mwinyi Shekuwe, paa limetengenezwa?"

To. "Limetengenezwa, Maulana."

"Kwa chokaa yangu yote?"

To. "Yote, Maulana."

"Na hayo maji usoni pako?"

Mwinyi Shekuwe akajipangusa. "Ni jasho, Maulana. Chumba kina joto."

"Ni jasho," wakaitikia wale wanne.

"Wallahi mna taabu watu wa jumba hili," akasema Sultani. "Jasho lenu hutoka darini."

Mwinyi Shekuwe asistahimili tena, akamgeukia Sumaili. "Mpumbavu we! Nilikwambia ulilete tundu kwenye mkeka, si mkeka kwenye tundu!"

"Ulisema vikutane, Mwinyi. Nami ni mzee, nikabeba kilicho chepesi."

"Kumbe tundu lipo!" akasema Sultani, akacheka hata akashika ubavu. Alipotulia akaamuru: "Baraza likiketi haliinuki kabla ya shauri kwisha, na shauri lenu ni hilo lililo juu yenu. Msiinuke mpaka lizibwe, ila kwa sala tu."

Askari wakaenda nyumba ile nyeupe, wakakuta vikapu vya chokaa vimejaa ghalani, muhuri wa Sultani ungali juu yake. Wakazi wakavibeba wenyewe hadi jumbani. Mvua haikukatika mpaka jua lilipokaribia kuchwa, ndipo mafundi wakapanda wakaliziba tundu, na wazee wakaruhusiwa kuinuka. Kuanzia hapo hawakuwa wazee wa jumba.

Sultani akataka kumvika Sumaili lile joho. Sumaili akalitazama, akasema, "Maulana, mpe Mwinyi. Anatetemeka."

Basi Mwinyi Shekuwe akavikwa joho lake mbele ya watu wote kama alivyotaka, akapita nalo sokoni huku maji yakimchuruzika. Sumaili akapewa chumba chake mpaka kufa kwake, na mkeka ukaamriwa ukae humo humo. Wazee wapya wakija barazani, kila mmoja alitazama juu kwanza kabla ya kuketi.

Jioni ile watu walipotawanyika, Sumaili akauweka msahafu wa mkewe mahali pake, pakavu, akaketi juu ya mkeka aliousuka marehemu. Chumba kilikuwa kimya. Akangoja tone, lisije. Akangoja tena. Kisha akaitoa tasbihi yake mfukoni, akaivuta polepole, kwa mwendo ule ule.

Hapo ndipo hekaya hii ilipoketi, nami siiinui.