Jina Lililotajwa Jukwaani

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Aliye mbali akaribie, aliye karibu anyamaze. Masikio mmekuja nayo? Haya, yawekeni hapa mbele yangu, niyajaze.

Ilikuwa zamani. Si zamani ya juzi, wala si zamani ya babu yenu. Ni zamani ile ambayo hata bibi aliyenilea aliisikia kwa kusimuliwa, na aliyemsimulia naye alisimuliwa. Siku hizo palikuwa na mji uitwao Kingolwe. Katikati ya Kingolwe palikuwa na uwanja, na katikati ya uwanja, kwenye kivuli cha mivinje, palikuwa na jukwaa la bendi.

Jukwaa lenyewe mngeliona! Nyumba, lakini haina kuta. Ina ngazi, haina mlango. Ina nguzo nyembamba pande zote, zimepakwa rangi ya kijani, na kati ya nguzo na nguzo uzio mfupi wa chuma kilichopindwapindwa mpaka kikawa maua. Juu yake paa la duara lenye ncha, limekaa kama kawa lililofunika chakula. Na ukisimama ndani ukatazama juu, unaona mbao za dari zimekutana katikati kama mbavu za mwavuli.

Nani alilijenga? Wengine walisema liwali wa kwanza. Wengine walisema hapana, jukwaa lilikutwa limesimama pale peke yake, mji ndio uliojengwa kulizunguka. Mimi nachukua hilo la pili, kwa sababu ndilo zuri zaidi.

Basi Ijumaa hata Ijumaa, watu wakishaswali alasiri, bendi hupanda jukwaani. Mikeka inatandikwa, kashata zinapita, watoto wanapandishwa mabegani. Bendi inapiga, watu wanasikiliza. Watu wanasikiliza, jua linashuka. Jua linashuka, na bendi bado inapiga, mpaka mtu hajui tena kama ni yeye anayeyumba au ni mivinje.

Na Kingolwe, wanangu, ulikuwa mji wa makelele. Sokoni watu walisema wote kwa pamoja, harusini wote kwa pamoja, hata msibani wote kwa pamoja. Lakini Bwana Feruzi, mkuu wa bendi, akiinua kijiti chake tu, uwanja mzima kimya. Mahali pengine popote hawakuweza. Pale waliweza.

Katika bendi hiyo alikuwamo kijana mmoja, jina lake Makungu. Alikuwa mrefu, mpana, na alipiga tarumbeta kubwa kuliko yote, lile linalomzunguka mtu mwilini kama chatu. Sauti yake nzito, lakini laini. Akina mama walisema sauti ile haiji hewani, inapita chini ya mkeka ikakupanda miguuni.

Lakini Makungu alikuwa na kigugumizi.

Akienda sokoni kununua samaki, anataka pono. Anaanza: “Nipe p-p-p...”

“Papa!” muuzaji anadakia. “Chukua papa, bwana, watu wananisubiri!”

Hivyo Makungu alikula papa miaka mingi, na papa wala hampendi. Mnacheka? Chekeni. Na wao walicheka. Kila akianza neno, mtu alimmalizia, na kila neno alilomaliziwa halikuwa lake. Mwishowe akaona kheri anyamaze. Jambo moja tu la ajabu: akiimba, hakwami hata kidogo. Maneno yanateleza kama maji. Lakini nani anayekwenda sokoni akaimba?

Sasa, karibu na ngazi za jukwaa alikuwa akikaa msichana aitwaye Kidawa, na ukili wake mapajani. Bendi ikienda polepole, vidole vyake vinasuka polepole. Bendi ikichangamka, vidole vinachangamka. Makungu alimtazama kwa juu ya tarumbeta lake Ijumaa baada ya Ijumaa, moyo ukimwenda mbio, na mdomo umezibwa na shaba.

Na baba yake Kidawa alikuwa nani? Alikuwa Mzee Mwinyimvua, mpiga mbiu wa mji! Akisimama uwanjani kutangaza habari, mashambani wanasikia. Ulimi wake haukujua kujikwaa.

Haya. Ijumaa moja wingu likaja ghafla, jeusi, limevimba. Kabla wimbo haujakwisha, mvua hiyo! Watu wakakunja mikeka wakakimbia. Wapiga filimbi na filimbi zao, mbio. Wapiga ngoma na ngoma zao, mbio. Lakini mtu aliyezungukwa na chatu wa shaba atakimbilia wapi? Makungu akabaki. Na Kidawa, akihofia ukili wake usilowe, akapanda ngazi.

Wakawa wawili tu ndani ya nyumba isiyo na kuta. Makungu nguzo hii, binti nguzo ya mkabala, na katikati viti vitupu vya wapiga bendi. Nje, mvua imekuwa ndiyo kuta. Mji umepotea wote. Hakuna Kingolwe, hakuna soko, kuna maji meupe tu pande zote.

Makungu akageuza uso kwenye nguzo yake. Akasema, kwa mvua hii nani atanisikia? Akaanza kujaribu, kwa sauti ndogo, maneno aliyoyaficha siku nyingi.

“Ki... Ki... Kidawa. Ni-ni-nina neno.”

Na sauti ikamjibu sikioni, karibu kabisa, kama mtu aliyeegemea bega lake: “Liseme.”

Akaruka! Akageuka. Kidawa yuko kulekule, mbali, amempa mgongo, uso wake kwenye nguzo yake.

Lile dari, wanangu. Lile dari la duara lilichukua neno nguzo hii likalitua nguzo ile.

“U-u-umesikia?”

“Dari limeniletea.”

“Sa-sa-sama...” Akakwama. Akangoja amaliziwe, kama kawaida. Hakumaliziwa. Mvua ilinyesha, naye Kidawa akangoja.

“...hani,” akasema Makungu.

“Usiharakishe,” Kidawa akasema. “Mvua bado ipo.”

Basi wakazungumza vivyo hivyo, kila mtu na nguzo yake. Makungu akaona maneno yake yanafika mwisho, moja baada ya jingine, yamechoka lakini yamefika. Alikuwa hajawahi kusikia sentensi yake nzima tangu utoto. Aliisikiliza kama mgeni. Mvua ilipokatika, mji ukarudi mahali pake, na wale wawili walikuwa wamekwisha kupatana.

Makungu akatuma mashangazi zake wakapose.

Mzee Mwinyimvua aliposikia, sauti yake iliwashtua kuku mtaa mzima. “Nani? Yule bubu? Nyumba hii ni nyumba ya sauti! Mwambieni Ijumaa apande jukwaani mbele ya watu. Ataje jina la binti yangu, ataje jina langu, aseme anachotaka. Akiweza, kamwoa. Akishindwa, Kidawa nampeleka bara kwa binamu yake, na huko ataolewa!”

“Baba,” Kidawa akasema, “mimi nimekwisha kumsikia.”

“Mimi sijamsikia!” akasema mzee, na mlango ukafungwa.

Ijumaa ikafika. Uwanja ulijaa siku hiyo, maana watu wa Kingolwe walipenda muziki, lakini aibu ya mtu waliipenda pia. Mzee Mwinyimvua akasimama mbele na mbiu yake. Kidawa akakaa pale pale karibu na ngazi, lakini ukili aliuweka chini.

Bwana Feruzi akamvuta Makungu pembeni. “Sikiliza, mwanangu. Tutapiga chini kwa chini, wewe uimbe. Ukiimba hukwami. Umetaja majina, umeshinda, tumekwenda zetu.”

Makungu akafikiri. Njia ile ilikuwa rahisi, imefagiliwa. Lakini akajiuliza: nikiimba, ataposa yule mwimbaji. Kesho asubuhi nyumbani kwetu ataamka nani?

Akatikisa kichwa. Akalitua tarumbeta. Akaenda mbele, mikono mitupu, na bila shaba ile kifuani alijiona uchi.

“Mi-mi-mimi,” akaanza.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwingine akapaza sauti, “Wewe nani? Malizia!”

Hapo Bwana Feruzi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Akainua kijiti chake.

Na uwanja ukanyamaza. Ulinyamaza kwa mazoea tu, mwanzoni. Miili yao ilikwisha kujua: kijiti kikiwa juu, Kingolwe kimya. Lakini ngoma haikupigwa, filimbi haikulia. Palikuwa na Makungu peke yake, na kijiti cha Bwana Feruzi hewani.

“Mimi Ma-ma-ma... Makungu. Nataka ku-ku-kumwoa Ki...”

Akakwama. Akakwama kukwama kwenyewe! Shingo imemsimama, macho yamejaa. Mivinje inavuma. Ki. Jua linashuka. Ki. Mtoto mmoja akataka kulimalizia jina, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Ki. Na watu, ambao maisha yao yote hawakuwahi kumsubiri mtu afike mwisho wa neno, wakajikuta wanangoja, wanavuta pumzi pamoja naye, kama wanavyongoja wimbo unapopanda.

“...dawa,” akasema Makungu. “Kidawa. Bi-bi-binti Mwi... Mwinyimvua.”

Mkono wa Bwana Feruzi ulikuwa bado juu. Akaushusha.

Hakuna aliyepiga kofi. Kimya kilibaki kimekaa juu ya uwanja, chenyewe, bila kushikwa na mtu. Mzee Mwinyimvua akapanda ngazi, akajitupa kwenye kiti cha mpiga filimbi. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini. Watu hawakujua kwamba ana sauti ya chini.

“Nimekusikia,” akasema. “Kila kipande nimekisikia. Mimi nimetangaza habari mji huu tangu ujana, wala sijui kama kuna aliyewahi kunisikiliza hivi.”

Akamshika Makungu mkono. Na hapo ndipo makofi yalipopasuka, na vigelegele, na ngoma, na kila kitu kwa pamoja, kama desturi ya Kingolwe!

Wakaoana. Walizaa, wakazeeka. Makungu kigugumizi hakikumwacha, msidanganywe na wasemao kilimwacha. Ila akienda sokoni akasema “p-p-p”, muuzaji aliweka kisu chini, akangoja. Na Makungu akala pono.

Mnaona, wajukuu zangu? Mtu anayekawia kusema si kwamba hana la kusema. Mngojeeni. Msimdakie neno lake mdomoni, maana hamjui alikuwa akielekea wapi nalo. Na mkikuta mjini mwenu jukwaa kuukuu la bendi, rangi imebanduka na njiwa wamelala darini, msiseme ni kibanda kitupu. Hapo watu walijifunza kunyamaza pamoja, na kunyamaza pamoja ni kazi kubwa.

Haya, kisa nimekitua. Mwenye kukitaka akibebe. Mwenye usingizi akiache hapo mkekani, atakikuta asubuhi.