Noti ya Saba Tupu

Mnaning'ang'ania na hadithi, na mchele wenyewe sijauchambua! Haya, nyamazeni.

Bi Mwanahija alikuwa akishona kwa mkono tangu cherehani yake iibwe mwezi wa Ramadhani. Siku moja muuza mkaa alimrudishia chenji, noti ambayo namba yake yote ilikuwa saba tupu. Tajiri Shekue, mkusanyaji wa noti za namba za ajabu, akaiona, akaitamani, akamburuta kwa mwenyekiti wa mtaa.

“Kaniibia huyu!”

“Ulikuwa nayo tangu lini, baba?” Bi Mwanahija akamuuliza.

“Tangu Idi, kabatini mwangu. Wallahi!”

“Basi yako, chukua. Mwenyekiti, umemsikia. Noti hiyo iliibwa pamoja na cherehani yangu, ilikuwa ndani ya droo yake. Muulize, mashine yenyewe iko wapi?”

Kiapo kishamtoka Shekue mbele ya watu: akikikana ni mwongo, akikishika ni mwizi wa cherehani. Akalipa cherehani mpya, ya miguu.