Bakuli la Mama Mai

Hadithi hii aliisimulia kwanza bibi yangu Mwantumu, Korogwe, mwaka 1991, siku tuliyoanua matanga ya mumewe, babu Hoza. Hakuwa msemaji. Alingoja sahani za pilau ziondolewe, akakaza kanga kiunoni, akaanza bila kuombwa. Ninaiandika kama alivyoisema.

Hapo zamani, Sefu, mdogo wake Hoza, alikwenda Vietnam kusomea kilimo cha mpunga, akarudi na mke. Jina lake Thoa. Alipomzaa binti, Mai, watu wakamwita Mama Mai, na jina la kwao likalala.

Mama Mai alipika fo, supu ya tambi ya kwao. Mchele aliuloweka, akausaga kwa jiwe, uji wake akautandaza juu ya kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa sufuria inayochemka. Mvuke uliuivisha ukawa ngozi nyembamba. Aliibandua kwa kijiti, akaikata nyuzi nyuzi. Hizo ndizo tambi. Mchuzi wake ulikuwa wa mifupa ya ng'ombe, tangawizi na vitunguu vilivyochomwa makaani, mdalasini, na kiua kikavu chenye umbo la nyota, alichokuja nacho ndani ya kopo.

Majirani walicheka. "Tambi bila sukari? Mama Mai, hiyo Idi ya wapi?"

"Ya wenye njaa. Onja."

Walionja. Kesho yake walirudi na mabakuli yao.

Sefu akaoa mke wa pili, Zena. Kisha Sefu akafa, na wanawake wale wakabaki nyumba moja. Kila mwaka, siku aliyofariki Sefu, Mama Mai aliweka bakuli la fo mbele ya picha yake. "Kwetu mfu hupikiwa," alisema. "Asiyepikiwa hukaa na njaa huko aliko."

Ukaja mwaka wa ukame. Mama Mai akaugua, asiweze kuinuka. Akawaita watatu: binti yake Mai, mwanawe wa pekee wa kiume, Mbwana, na mke mwenzake Zena.

"Nataka bakuli moja la fo kabla sijaenda," alisema. "Atakayenilisha, sufuria yangu ni yake, na siku yangu ni yake. Yeye ndiye atakayenipikia kila mwaka. Mmoja tu. Mkiwa wengi mtaachiana, nami nitalala njaa."

Mbwana alikuwa na ng'ombe mmoja, mtamba aliyemtunza kwa ajili ya mahari. Akamchinja. Akakaa motoni tangu alfajiri, akiengua povu la mifupa, macho mekundu kwa moshi.

Mai alikuwa na mpunga wa mbegu aliouficha asiule. Akautwanga, akauloweka, akausaga. Mikono ilikuwa imesahau. Ngozi za kwanza zilichanika, mvuke ukamuunguza vidole. Zilizopona zilitosha bakuli moja.

Viua vya nyota vilikuwa vimekwisha koponi. Lakini Zena alikuwa nacho kimoja. Mama Mai alimpa siku alipoingia nyumbani mle bibi harusi, naye alikifunga kwenye pindo la kitambaa miaka yote. Akakifungua, akakitia sufuriani mwa mwenzake. Na ni Zena aliyekuwa akimwogesha mgonjwa, akimgeuza, akimbeba hadi chooni.

Tambi zikawekwa bakulini, mchuzi ukamiminwa. Zena akanyanyua bakuli.

"Weka chini, mama mdogo," Mai alisema. "Vidole vilivyoungua ni vyangu."

Zena akaliweka juu ya kigoda, pale mlangoni.

"Na mtamba alijichinja?" Mbwana akauliza. "Kwao mama, mtoto wa kiume ndiye anayewatunza wafu."

"Nyinyi mnagombea maiti," Zena alisema, "mimi ninauguza mtu. Akishikwa na maumivu anaita nani?"

"Anaita Zena kwa sababu Zena ndiye aliye karibu na ndoo," Mai akasema.

Hapo sauti zikapanda. Wakaona haya mgonjwa kuwasikia, wakaenda kugombania nyuma ya jiko.

Ndipo Hoza akafika kutoka Mombo, kwa miguu, kuja kumjulia hali shemeji yake. Akabisha hodi. Kimya. Mlango wazi, na juu ya kigoda bakuli linatoa moshi, kijiko kando. Nanyi mnajua, kwetu chakula kilichowekwa mlangoni ni cha mgeni, na mgeni akikiacha amewatukana wenyeji. Akaketi, akapiga bismillahi, akala akamaliza.

"Jamani!" akaita. "Nimeshapokewa, ahsanteni!"

Wakaja mbio. Wakaliona bakuli. Yeye ni kaka wa baba yao, mkubwa wa ukoo, nani angemwambia?

"Karibu, baba mkubwa," Mai akasema. "Umeshiba?"

"Alhamdulillahi. Tambi za mama yenu hizo. Kwani ameshapona?"

Sufuriani ulibaki mchuzi. Mbwana akamwinua mama yake kichwa, Mai akapuliza kikombe, Zena akamnywesha kwa kijiko. Mama Mai akameza. Akatafuta kwa ulimi.

"Tambi ziko wapi?" akauliza.

Alasiri haikumkuta.

Baada ya kuzika, Mbwana akasema: "Kilichomfikia ni mchuzi, na mchuzi ni wangu. Sufuria ni yangu."

Mai akasema: "Alichokiulizia ni tambi, na tambi ni zangu. Sufuria ni yangu."

Zena akasema: "Kijiko kilichoingia kinywani kilishikwa na mkono wangu. Sufuria ni yangu."

Wakampelekea Hoza aamue. Hapo ndipo alipojua alichokula. Hakuamua. Aliichukua sufuria aitunze mpaka wapatane, na hawakupatana. Kila mwaka, siku ile, kila mmoja akangoja apewe sufuria ndipo apike, na hakuna aliyepika. Babu yenu hakugusa tambi tena, hata za Idi. Siku ile alifunga, nanyi mkadhani ni uchamungu.

Bibi aliishia hapo. Shangazi mmoja akasema kosa ni la marehemu mwenyewe, aliyewashindanisha wanaomuuguza. Mwingine akamwambia anyamaze, mfu hahukumiwi. Wakabishana hadi magharibi.

Bibi Mwantumu naye amefariki. Mbwana yu hai, anaishi Mombo. Mai yu hai, vidole vyake viwili havikunjuki. Zena yu hai, haoni tena. Sufuria iko kwetu, imefunikwa gunia, na siku ya Mama Mai inakaribia. Wote watatu wakisimama mlangoni kuidai, je, nani anastahili?