Mstari Usiokuwemo Kitabuni

Inasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika Korobala, mji mdogo kando ya mto mkubwa wa Magharibi, ambako mabamba ya chumvi yalibadilishwa kwa kokwa za kola za kutafuna, aliishi mwanachuoni aitwaye Alfa Sanba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazee walimwomba aandike habari za mji wao tangu asili yake. Akaandika kuwa babu yake, mfanyabiashara wa chumvi, alifika mahali patupu akajenga msikiti.

Patupu! Ilhali alijua fika kwamba hapo alikuwapo Nyele, mwanamke mvuvi, aliyempokea babu huyo akiwa hoi kwa homa, akamuuguza msimu mzima, kisha akampa ukingo alipokuwa akianika samaki wake. Lakini wafanyabiashara waliwadharau wavuvi, na Alfa Sanba aliona haya jina la mvuvi kutangulia la babu yake.

Siku moja akaja Kadidia, mjukuu wa Nyele, mikono yake ikinuka moshi wa samaki.

"Sheikh, mimi sijui kusoma. Nakuomba unisomee ulipomtaja bibi yangu."

Alfa Sanba akafungua kitabu. Ujasiri wa kumwambia kweli hakuwa nao. Akakaza macho ukurasani, akasoma lisilokuwemo: "Na Bibi Nyele alimpokea mgeni, akampa ardhi."

Kadidia akalia kwa furaha. Akainua mikono, akamwombea dua ndefu, yeye na wazazi wake. Kila Alfa Sanba alipoitikia "Amina", uso wake uliwaka kwa aibu, na kwa siku tatu chakula hakikumshuka.

Ijumaa, baada ya swala, akasimama mbele ya watu.

"Nimesema uongo mara mbili, kwanza kwa kalamu, kisha kwa ulimi. Msikiti huu umesimama juu ya ardhi tuliyopewa na Nyele mvuvi."

Jamaa zake wakainamisha nyuso. "Umetuvua nguo," mmoja akasema.

Alfa Sanba akaziendea safu za wanawake. "Ewe Kadidia, niwie radhi. Ukurasa niliokusomea haukuwa na jina la bibi yako."

"Dua niliyokuombea siirudishi," Kadidia akasema. "Lakini andika sasa, Sheikh. Nitakaa hapa mpaka wino ukauke."

Alfa Sanba akaandika, naye Kadidia akakaa.

Ndugu zangu, tusidhani waja wema hawakuteleza. Waliteleza, ila kumwonea haya Mola kuliwazidi kuwaonea haya watu. Ni wangapi kati yetu tunaoitikia amina kwa dua tusizozistahili, kisha tunakula tukashiba? Mimi wa kwanza.